Glenn Seaborg: Mwanakemia aliyewasha moto wa vyombo vya anga za juu

Usiku wa Februari 23, 1941, huku tufani ikivuma katika mji wa Berkeley jimboni California, mwanafunzi wa kemia kwa jina Arthur Wahl alikuwa amejifungia ndani ya chumba nambari 307, orofa ya juu ya jengo la Gilman. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo mno. Mbele yake palikuwa na kiasi cha urani kilichokuwa kimepigwa kwa chembechembe za atomu miezi miwili awali katika mtambo wa saiklotroni.

Kulipopambazuka, Wahl alikuwa amepata thibitisho kwamba ndani ya chombo chake mlikuwa na kitu ambacho hakikuwa urani wala elementi nyingine yoyote iliyojulikana na binadamu.

Aliyeongoza utafiti huo alikuwa mhadhiri kijana wa umri wa miaka 28, Glenn Theodore Seaborg. Elementi hiyo mpya baadaye ilipewa jina la plutoni, na hadi leo jina hilo likitajwa wengi huwaza Nagasaki na mji ulioteketezwa mnamo Agosti 9, 1945.

Wasichokijua wengi ni kwamba plutoni iliyotambuliwa usiku ule haikuwa ile iliyotiwa kwenye bomu. Ilikuwa ndugu yake, plutoni-238, ambayo haifai kuundia mabomu. Kazi yake ni kutoa joto, mchana na usiku, kwa miaka mingi, bila kuchochewa na yeyote. Joto hilo ndilo lililokuja kuendesha vyombo vilivyotua mwezini na vilivyosafiri hadi nje ya mipaka ya jua.

Seaborg alipata bahati, ikiwa yafaa kuiita bahati, ya kuwasimamia ndugu hao wote wawili. Aliigundua plutoni akiwa mtafiti asiyejulikana, kisha miaka 20 baadaye akakabidhiwa ofisi ya serikali iliyomiliki kila gramu yake nchini Marekani.

Alizaliwa Aprili 19, 1912 katika mji mdogo wa Ishpeming, jimbo la Michigan, eneo la migodi ya chuma. Baba yake, Herman, alikuwa fundi wa mitambo kama walivyokuwa wazee wake. Mama yake, Selma, alikuwa mhamiaji kutoka Uswidi, na Kiswidi ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka 10, familia ilihamia California, kusini mwa Los Angeles. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba wahame, akiamini huko watoto wangepata nafasi pana zaidi ya maisha. Kwa baba, uhamisho huo ulikuwa hasara, kwani hakupata tena kazi ya kudumu ya ufundi. Kijana Glenn alikua akijua maana ya kukosa fedha.

Hakuwa na hamu yoyote ya sayansi hadi alipofika mwaka wake wa tatu katika shule ya upili ya Jordan, mtaani Watts. Mwalimu wa kemia aliyeitwa Dwight Logan Reid alifundisha kwa bidii na mapenzi kiasi kwamba mvulana huyo alijiuliza kwa nini hakuwa ameambiwa mapema kwamba kuna somo kama hilo. Tangu siku hizo hakugeuka nyuma.

Masomo ya chuo kikuu mjini Los Angeles aliyagharamia kwa vibarua. Alifanya kazi ya ukuli bandarini, akapakia matunda kwenye masanduku, akakesha usiku kwenye maabara ya kiwanda cha mipira ya magari. Mwaka 1934 alihitimu na kwenda Berkeley, ambako alipata shahada ya uzamifu mnamo 1937.

Berkeley ya miaka hiyo ilikuwa kitovu cha utafiti wa kiini cha atomu, kwani huko ndiko Ernest Lawrence alikuwa amejenga saiklotroni zake. Seaborg, mwanakemia miongoni mwa wanafizikia, alikuwa na ujuzi wa kuwachambulia walichokuwa wakikitengeneza bila kukijua. Akishirikiana na John Livingood alipata iodini-131 na kobalti-60, na akiwa na Emilio Segrè akapata tekneti-99m.

Majina hayo huenda yasimwambie msomaji chochote, lakini huenda jamaa yake amewahi kunufaika nayo. Kobalti-60 ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine zilizotibu wagonjwa wa saratani katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Nayo iodini-131 ilimtibu mama yake mwenyewe, Selma, aliyekuwa akiugua tezi ya shingoni. Kwa mwana aliyeletwa California na mama huyo, hayo yalikuwa malipo yasiyokadirika.

Mwaka 1940 Edwin McMillan na Philip Abelson waligundua elementi ya 93, neptuni, na McMillan akaanza kuitafuta ya 94. Kabla hajaipata aliitwa upande wa pili wa nchi kufanya utafiti wa rada kwa ajili ya vita. Seaborg alimwandikia barua akimwomba ruhusa ya kuiendeleza kazi hiyo, na akaruhusiwa. Desemba 14, 1940 urani ilipigwa kwenye saiklotroni, na ndipo ukaja usiku ule wa tufani.

Mwezi mmoja tu baadaye, Machi 28, 1941, Seaborg, Segrè na Joseph Kennedy walionyesha kwamba plutoni-239, ndugu mwingine wa ukoo huo, hupasuka kiini chake na kutoa nguvu nyingi kama ifanyavyo urani adimu ya kuundia bomu. Kuanzia hapo habari yake ilifungiwa katika siri ya serikali.

Seaborg aliwasili Chicago mnamo Aprili 19, 1942, siku aliyotimiza umri wa miaka 30, kujiunga na mradi wa bomu. Mwezi Juni alimwoa Helen Griggs, aliyekuwa karani wa Lawrence, na hatimaye wakajaliwa watoto sita. Kazi aliyopewa ilikuwa kubuni mbinu ya kemia ya kuichuja plutoni kutoka kwa urani. Mnamo Septemba mwaka huo watu wake waliweza kupima kwenye mizani kipande kidogo kisichofika hata sehemu moja ya mia tatu ya miligramu. Kutokana na uzoefu wa punje hiyo isiyoonekana vyema kwa macho, kiwanda kikubwa kilijengwa Hanford, jimbo la Washington, kufanya kazi ile ile kwa kipimo kilichozidishwa takriban mara bilioni moja.

Sehemu kubwa ya urani iliyolisha mradi huo ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulioko Katanga, nchini Congo. Wachimbaji wake, wengi wao wasemaji wa Kiswahili cha Katanga, walilichimbua jiwe hilo kwa mikono bila kuambiwa lilikokuwa likipelekwa.

Mnamo Juni 1945, Seaborg alikuwa mmoja wa wanasayansi saba waliotia sahihi ripoti iliyoongozwa na James Franck. Ripoti hiyo iliisihi serikali isiutupie mji wowote bomu hilo bila onyo, bali ilionyeshe kwanza mbele ya mataifa katika eneo lisilo na watu. Ombi lilipuuzwa. Bomu la Nagasaki lilikuwa na plutoni ya kilo 6 hivi, na watu makumi ya maelfu waliangamia.

Seaborg hakuacha kazi ya nyuklia kwa sababu ya msiba huo, na wala hakujitetea kwa kusema hakujua. Alichokifanya ni kushikilia, kwa miaka 50 iliyofuata, kwamba kitu alichokigundua kilikuwa na matumizi mengine. Wapo wanaoona hapo dhamira safi. Wapo pia wanaoona mtu aliyehitaji kuamini hivyo ili apate usingizi.

Baada ya vita alirudi Berkeley. Yeye na wenzake waliongeza elementi nyingine mpya, na pendekezo lake la 1944 la kuupanga upya mstari wa elementi nzito kwenye jedwali la kemia likakubalika duniani. Mwaka 1951, yeye na McMillan walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Nobel ya kemia. Alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha California tawi la Berkeley tangu 1958 alipopigiwa simu mnamo Januari 1961 na John F. Kennedy, rais mteule, akimtaka aiongoze Tume ya Kawi ya Atomiki.

Hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameongoza tume hiyo kama mwenyekiti rasmi kabla yake. Aliishika kwa miaka 10, chini ya marais Kennedy, Lyndon Johnson na Richard Nixon.

Tume hiyo ilikuwa na mamlaka makubwa ajabu. Iliunda mabomu, ilimiliki maabara, ilijenga vinu, ilitoa leseni kwa kampuni za umeme, na wakati huo huo ilitakiwa kuwalinda raia dhidi ya hatari ya hayo yote. Ilikuwa mchezaji na refa kwa pamoja.

Huku upande wa anga, shirika la NASA lilikuwa changa, lenye umri wa chini ya miaka mitatu. Lilikuwa na roketi na ndoto, ila halikuwa na kibali cha kumiliki plutoni. Asiyekuwa na moto alilazimika kubisha mlangoni kwa jirani. Mwaka 1960 taasisi hizo mbili zilikuwa zimeunda afisi moja ya pamoja ya kusimamia roketi za nyuklia, chini ya Harold Finger, ambaye alilipwa na upande mmoja huku akiwajibika kwa pande zote mbili. Mpango kama huo ulikuwa jambo geni jijini Washington, ambako kila idara huchunga bajeti yake kama mfugaji anavyochunga malisho.

Seaborg aliupokea ushirikiano huo na kuukuza. Ulikuwa na matawi mawili. La kwanza lilihusu betri za plutoni-238.

Utendakazi wa betri hizo hauna miujiza. Plutoni-238 hutoa joto la zaidi ya nusu wati kwa kila gramu, na nusu ya plutoni yenyewe huisha baada ya takriban miaka 88. Vipande vya aina mbili tofauti vya kitu kinachopitisha umeme vikiunganishwa, upande mmoja ukipata joto na wa pili ukiwa baridi, umeme hutiririka. Hakuna gurudumu linalozunguka wala mafuta yanayoungua, hivyo hakuna cha kuharibika. Mahali ambapo jua ni hafifu, au usiku hudumu majuma mawili kama mwezini, hakuna mbadala ulio rahisi zaidi.

Miezi michache tu baada ya kushika afisi, Seaborg alipata mtihani wake wa kwanza. Jeshi la Majini lilitaka kurusha setilaiti ya urambazaji, Transit 4A, ikiwa na betri ya aina hiyo yenye uzani wa kilo 2 hivi. Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliingiwa na wasiwasi kuhusu nchi ambazo roketi ingepita juu yake. Je, ikianguka? Seaborg alisukuma idhini itolewe, na ikatolewa siku chache tu kabla ya kurushwa.

Mnamo Juni 29, 1961 setilaiti hiyo iliingia angani. Betri yake ilitoa wati 2.7, nguvu ambayo haitoshi kuwasha balbu ya chumba. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kawi ya nyuklia kutumika nje ya dunia, na kwa Seaborg, ilikuwa thibitisho kwamba mtoto wa chumba nambari 307 alikuwa amepata kazi ya heshima.

Swali la wizara halikuwa limejibiwa, ila lilikuwa limeahirishwa tu. Jibu lilikuja Aprili 21, 1964.

Siku hiyo setilaiti nyingine ya jamii hiyo ilirushwa kutoka kambi ya Vandenberg, California, ikiwa na betri kubwa zaidi iliyobeba plutoni-238 ya kilo 1 hivi. Ilishindwa kuingia kwenye mzingo wake. Ikaanguka kuelekea upande wa pili wa dunia, na ikateketea juu sana angani katika Bahari Hindi, kaskazini mwa Madagascar.

Katika Afrika Mashariki hakuna aliyejua. Magazeti yalikuwa na habari nyingine kabisa, kwani siku iliyofuata Julius Nyerere na Abeid Karume walitia sahihi mkataba wa kuunganisha Tanganyika na Zanzibar. Kenya ilikuwa na umri wa miezi minne kama taifa huru. Vumbi la plutoni lilikuwa limesambaa juu ya bahari ambayo wavuvi wa pwani hii huitazama kila alfajiri, na hakuna serikali ya eneo hili iliyokuwa imeulizwa kama ingekubali hatari hiyo.

Wahandisi hawakuwa wamekosea hesabu. Betri iliundwa makusudi iteketee ikianguka, kwa nadharia kwamba vumbi lililotawanyika juu sana lingekuwa jembamba kiasi cha kutomdhuru mtu yeyote. Kwa hivyo mtambo ulifanya hasa ulivyoagizwa. Puto za utafiti ziliukuta mabaki yake kwenye tabaka la juu la hewa baadaye mwaka huo huo, na katika miaka iliyofuata chembechembe zake zilipatikana kwenye udongo wa mabara yote, zaidi katika nusu ya kusini ya dunia. Ajali hiyo moja iliongeza plutoni-238 iliyosambaa duniani hadi takriban mara tatu ya kiasi kilichokuwa kimeachwa na majaribio yote ya mabomu.

Kwa kila mtu mmoja mmoja kipimo kilikuwa kidogo mno. Hilo ni kweli, na tume ililisema. Lakini kuna tofauti kati ya hatari ndogo ambayo mtu ameikubali na hatari ndogo aliyotiwa bila habari, na tofauti hiyo haipimwi kwa mashine ya kuhesabu miale.

La kumsifu Seaborg na tume yake ni kwamba kanuni ilibadilishwa. Tangu hapo betri za anga zilitakiwa kuundwa kwa namna ambayo zitarudi ardhini zikiwa nzima, zimefungwa ndani ya magamba ya grafiti na madini magumu. Mei 1968 roketi iliyobeba setilaiti ya hali ya anga, Nimbus, ilipotea njia ikalipuliwa dakika chache baada ya kuondoka. Wapiga-mbizi walizipata betri zake chini ya bahari karibu na California, hazijapasuka, na plutoni yake ikatumika tena kwenye setilaiti iliyofuata.

Na mnamo Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipopata hitilafu na kurejea bila kutua mwezini, betri yake iliyokuwa na plutoni ya karibu kilo 4 ilitumbukia katika Bahari ya Pasifiki, kwenye shimo refu la Tonga. Imelala huko hadi leo, na vipimo vya hewa na maji havikuonyesha kwamba ilivuja.

Miezi mitano kabla ya hapo tawi hilo la kazi yake lilikuwa limepata fahari yake kubwa. Novemba 19, 1969, wanaanga wa Apollo 12, Charles Conrad na Alan Bean, walisimama mwezini wakijaribu kuuchomoa mchi wa plutoni kutoka kwenye ala yake. Ulikataa kutoka. Ufumbuzi walioupata ungefahamika kwa fundi yeyote wa Gikomba: waliigonga ala kwa nyundo mpaka mchi ukaachia. Kituo walichokiacha kilipata umeme wa wati 70 hivi, kikawa kinatuma habari za mitetemeko ya mwezi. Vituo vitano vya namna hiyo viliwekwa, na vilifanya kazi hadi vilipozimwa kutoka duniani mnamo Septemba 30, 1977.

Tawi la pili la ushirikiano lilikuwa roketi ya nyuklia, na hapo ndipo Seaborg alipoonja kushindwa.

Wazo lilikuwa kupitisha haidrojeni katikati ya kinu cha nyuklia, ipate moto mkali, itoke kwa kasi na kusukuma chombo. Roketi kama hiyo hupata msukumo wa karibu mara mbili kwa kila kilo ya mafuta ukilinganisha na roketi za kawaida. Katika hotuba yake ya Mei 25, 1961, ile ile iliyoahidi kumfikisha binadamu mwezini, Kennedy aliomba pia fedha za roketi hiyo. Desemba 1962 rais alisafiri hadi jangwa la Nevada kuviona vinu, Seaborg akiwa kando yake.

Vinu vya mwanzo viliitwa Kiwi, jina la ndege wa New Zealand asiyeruka, kwa sababu havikukusudiwa kuondoka ardhini. Vilivyofuata vilikuwa vya kutisha kwa nguvu. Kimoja kilichojaribiwa Juni 1968 kilitoa zaidi ya megawati 4,000 kwa takriban dakika 12, kiasi kinachopita uwezo wa mitambo yote ya kuzalisha umeme nchini Kenya kufikia miaka ya 2020. Mwaka uliofuata injini kamili iliwashwa na kuzimwa mara 28. Kwa ufundi, kazi ilikuwa imekwisha kufaulu.

Kilichokosekana ni safari. Injini hiyo ilikusudiwa kumpeleka binadamu kwenye sayari ya Mirihi, na vita vya Vietnam pamoja na mahitaji ya nyumbani viliifanya Mirihi kuwa anasa. Seneta Clinton Anderson wa New Mexico, jimbo lenye maabara ya Los Alamos, aliutetea mradi kwa nguvu zake zote, lakini afya yake ilikuwa imezorota. Bajeti ilikatwa mwaka baada ya mwaka. Mnamo Januari 1973 mradi ulifutwa, baada ya kugharimu takriban dola bilioni 1.4, bila roketi hata moja kuruka. Seaborg alikuwa amekwisha kuondoka.

Alikuwa pia amepata majeraha ya karibu zaidi. John Gofman alikuwa mwanafunzi wake Berkeley, na kwa pamoja waligundua urani-233. Mwaka 1963 tume ya Seaborg ndiyo iliyomweka Gofman kuongoza utafiti wa athari za miale kwa afya. Mwaka 1969 Gofman na mwenzake Arthur Tamplin walitangaza kwamba kiwango cha miale ambacho tume iliruhusu kwa umma kilikuwa cha juu mno, na wakataka kipunguzwe mara 10.

Tume iliwapinga vikali, na fedha za utafiti wao zikapunguka. Mwanafunzi alikuwa amemuuliza mwalimu swali ambalo ofisi yenyewe haikujengwa kulijibu: nani anampima mpimaji? Miaka michache baadaye Bunge la Congress liliamua suala hilo kwa njia yake. Sheria ya 1974 iliivunja tume na kuitenganisha kazi ya kukuza kawi ya nyuklia na kazi ya kuidhibiti.

Haki inadai itajwe pia kwamba Seaborg huyo huyo alijitahidi kuwafunga mikono waunda mabomu. Mei 1963, wakati wa uhasama mkubwa, alikwenda Moscow na kutia sahihi na Andronik Petrosyants mapatano ya kushirikiana katika matumizi ya amani ya atomu. Agosti mwaka huo alirudi huko akiwa katika ujumbe ulioshuhudia kutiwa sahihi mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, baharini na angani. Mkataba huo ulichangia kuua mradi mwingine wa Kimarekani, ule wa kusukuma chombo cha anga kwa milipuko ya mabomu madogo. Seaborg aliupendelea mkataba. Katika uzee wake aliendelea kudai majaribio yote, hata ya chini ya ardhi, yakomeshwe.

Alirudi Berkeley mwaka 1971 na kufundisha tena. Machi 1972, miezi saba baada ya kuacha afisi, chombo Pioneer 10 kiliondoka kwenda Jupita kikiendeshwa kwa betri zilizotayarishwa wakati wa uongozi wake. Ishara yake ya mwisho ilipokewa Januari 2003. Vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa 1977, navyo vikiwa na plutoni-238, vilikuwa bado vinatuma habari mwaka 2024, Voyager 1 ikiwa imekwisha kuvuka mpaka wa upepo wa jua tangu 2012. Kila mwaka umeme wao hupungua kwa wati 4 hivi, na wahandisi huzima kifaa kimoja kimoja, kama mwenye nyumba anayezima taa za vyumba asivyovitumia.

Uzeeni alipatwa na kisa kinachoweza kuchekesha kama kisingeumiza. Tangu utotoni Seaborg alikuwa akiandika shajara kila siku. Ile ya miaka yake kwenye tume ilikuwa imekaguliwa na kuruhusiwa alipoondoka. Katika miaka ya 1980 Idara ya Kawi iliichukua, ikaikagua upya na kukata sehemu nyingi kwa madai ya siri za taifa. Mtu aliyegundua plutoni akawa haruhusiwi kusoma alichokiandika mwenyewe. Alilalamika kwa uchungu hadi mwisho, na huenda wakati huo alielewa vyema zaidi hasira ya wale waliowahi kuinyoshea kidole tume yake.

Hakupoteza sauti yake. Aprili 1989, wanakemia wawili walipotangaza kwamba wameunganisha viini vya atomu ndani ya chupa ya maabara, aliitwa Ikulu kumweleza Rais George Bush. Alimweleza kwamba jambo hilo halikuwa la kuaminiwa, ila lichunguzwe. Wakati wa mapumziko, yeye na mkewe Helen walitembea milimani wakichora njia ya waendao kwa miguu kutoka ghuba ya San Francisco hadi mpaka wa Nevada.

Mwaka 1997 elementi nambari 106 ilipewa rasmi jina lake, heshima ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ametangaziwa hadharani akiwa hai. Oktoba ya mwaka huo huo chombo Cassini kiliondoka kwenda Zohali na plutoni ya kilo zaidi ya 30, huku waandamanaji wakipinga nje ya lango la kituo cha kurushia roketi na kuikumbusha dunia ajali ya 1964.

Agosti 1998, akihudhuria kongamano la wanakemia mjini Boston, alipatwa na kiharusi akaanguka. Alifariki nyumbani kwake Lafayette, California, Februari 25, 1999, akiwa na umri wa miaka 86.

Wakati huo Marekani haikuwa inatengeneza tena plutoni-238. Vinu vilivyoitengeneza vilikuwa vimezimwa mwaka 1988, na tangu mapema miaka ya 1990 NASA na Idara ya Kawi walikuwa wakiinunua kutoka Urusi, adui wa jana. Hifadhi ilipokaribia kuisha, idara hizo mbili ziliketi tena meza moja. Desemba 2015 maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, ilitangaza kwamba imetengeneza gramu 50, za kwanza nchini humo katika takriban miaka 30. Roboti Perseverance iliyotua Mirihi Februari 2021 ilibeba ndani yake sehemu ya moto huo.